Kutoka Jani la Pakanga hadi Dawa Mseto

Mtoto apatwapo na homa, wapo wazazi ambao huanza na majani ya kuchemsha kabla ya kufika zahanati. Mazoea hayo hayakuzuka bure, kwani dawa mseto ya malaria itolewayo vituoni nayo chimbuko lake ni mmea. Linalostahili kueleweka na wakazi wa Kawajense ni umbali uliopo kati ya jani na kidonge.

Mmea huo ni wa jamii ya pakanga, kitaalamu Artemisia annua, na umetumika China kutibu homa kwa karne nyingi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, mtafiti Tu Youyou na wenzake waliujaribu, lakini matokeo yakawa ya kubahatisha: mara dawa ilifanya kazi, mara haikufanya. Ufumbuzi ulitoka katika kitabu cha tiba chenye umri wa zaidi ya miaka 1,600, kilichoelekeza majani yalowekwe katika maji na kukamuliwa, bila kutaja kuyachemsha. Tu akang'amua kuwa huenda joto ndilo lililoharibu dawa. Akatumia etha, kimiminika kinachochemka kwa nyuzi joto 35 hivi, na mwaka 1972 kiini chake, artemisinini, kikapatikana kikiwa safi. Mwaka 2015 alitunukiwa Tuzo ya Nobel.

Nguvu ya kiini hicho imo katika atomu mbili za oksijeni zilizoshikamana. Kimelea cha malaria hujilisha kwa damu yenye madini ya chuma. Atomu hizo zikikutana na chuma hicho, muungano wao huvunjika na kukiangamiza kimelea.

Hata hivyo, kiini hicho ni kidogo mno katika majani makavu, na hubadilika kwa mbegu, majira ya kuvuna na namna ya kuhifadhi. Kikombe cha chai ya pakanga, basi, hakina kipimo. Homa yaweza kutulia siku chache, kisha vimelea vilivyosalia vikazaliana, hata kuwa sugu. Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani halipendekezi chai hiyo kwa malaria. Katika dawa mseto, artemetha huua upesi na kutoweka mwilini baada ya saa chache. Lumefantrini hubaki siku kadhaa ikimalizia. Dozi ni mara 6 kwa siku 3. Anayeacha siku ya pili kwa kuwa mtoto ameanza kucheza amerudi kwenye kile kile kikombe cha chai.

Miti ya asili haidharauliwi. Muhimbili imekuwa ikiichunguza tangu mwaka 1974, na Sheria Na. 23 ya mwaka 2002 iliunda Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, linalosajili waganga na dawa zao. Mganga anayetaka kusajiliwa amwone Mratibu wa Tiba Asili wa Halmashauri.

Mtoto mwenye homa afikishwe kituoni ndani ya saa 24 apimwe. Ikiwa amekwisha kunyweshwa majani, mzazi amtajie mhudumu mti wenyewe bila kuona haya, kwa kuwa baadhi ya miti hugongana na dawa za hospitali.