Kupiga Pamba Kahama hadi Geita: Anza na Kitambaa, Rangi Baadaye

Mtu akivaa vizuri, vijana tunasema "kapiga pamba". Shinyanga msemo huo una uzito wake, maana pamba yenyewe inalimwa hapahapa. Shinyanga, Simiyu, Mwanza na Geita zimo kwenye ukanda mkuu wa pamba nchini, na zile mbegu za aina ya UK zilipata herufi zake kutoka Ukiriguru, kituo cha utafiti kilichopo Misungwi. Pamba ikishachambuliwa kinuni, sehemu kubwa ya nyuzi zake husafirishwa nje. Halafu wewe na mimi tunaenda mnadani, tunainama juu ya turubai la mitumba, tunachagua shati kwa rangi, tunalipa, tunaondoka. Saa nane mchana shati hilohilo limegandamana mgongoni.

Makala hii ni yako kama ndiyo kwanza umeanza kazi Kahama, upo kwenye mafunzo kwa vitendo Geita, au mfuko wako unaruhusu nguo tano tu na unataka zionekane kama kumi. Ushauri mwingi wa mavazi unaanza na fasheni. Mimi ningeanza na kitambaa, kwa sababu kwa joto na vumbi letu, kitambaa ndicho kinachoamua kama jioni bado utaonekana nadhifu.

Nyuzi za pamba zimeundwa kwa selulosi, na molekuli za selulosi zinapenda maji. Katika hewa yenye unyevu wa kawaida, kilo moja ya pamba inabeba takriban gramu 80 za maji na bado ukiishika unaona ni kavu. Poliesta ni plastiki iliyovutwa ikawa uzi. Yenyewe inabeba gramu 4 hivi. Ndiyo maana shati zito la poliesta linaliacha jasho lako lilipo, juu ya ngozi. (Jezi za mpira ni habari nyingine. Zimefumwa kwa namna ya kulisambaza jasho likauke haraka, lakini ofisini huendi na jezi.)

Kuna na suala la harufu, ambalo watu hawapendi kulisema. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ghent, Ubelgiji, walichapisha matokeo ya jaribio la watu 26 waliofanya mazoezi makali ya baiskeli wakiwa wamevaa tisheti. Baada ya tisheti hizo kuhifadhiwa kwa muda, za poliesta zilinuka vibaya zaidi kuliko za pamba, na bakteria wa kundi la *Micrococcus* walistawi zaidi kwenye poliesta. Kwa hiyo ile hali ya kunyunyiza unyunyu asubuhi na mchana ukanuka tena, pengine tatizo siyo wewe. Ni shati.

Sasa utajuaje sokoni? Kwanza lebo. Mitumba inatoka nchi nyingi, hivyo usitafute neno *cotton* peke yake: nguo ya Ujerumani itaandikwa *Baumwolle*, ya Hispania *algodón*, ya Ufaransa *coton*, ya Uholanzi *katoen*. Lebo ikiwa imekatwa, chomoa kiuzi kimoja kwenye pindo la ndani ukichome kwa kiberiti. Pamba inaungua kama karatasi na kuacha jivu laini la kijivu. Poliesta inayeyuka, inajikunyata, na kuacha kidonge kigumu cheusi. Muombe muuzaji kwanza, na usogee mbali na mzigo wake, tafadhali.

Pamba ina gharama yake, nayo ni kukunjamana. Kama unaishi sehemu ambayo umeme unakatika na pasi ya mkaa hutaki kuisikia, shati la mchanganyiko ambamo pamba ni nyingi kuliko poliesta ni maafikiano mazuri.

Tukishamaliza kitambaa, tuje kwenye rangi. Vumbi la huku lina rangi yake, na ukipanda bodaboda utafika nalo. Hapa kaki inashinda, wala siyo kwa bahati. Neno lenyewe limetokana na neno la Kiajemi na Kiurdu linalomaanisha vumbi, na wanajeshi wa Uingereza waliokuwa India katika karne ya 19 waliichukua rangi hiyo kwa sababu nguo nyeupe zilikuwa zinawaumbua. Suruali ya kadeti ya kaki au kahawia, juu shati la bluu iliyopauka au jeupe, chini moka za kahawia: tayari umemaliza. Vumbi likikaa kwenye suruali, anayeliona ni wewe tu. Kiangazi, hewa ikikauka, poliesta inajaa umeme tuli kwa urahisi na kuvuta vumbi hata ukiwa umekaa tu.

Vipi kuhusu nyeusi? Wengi wanaikwepa kwa hofu ya jua. Mwaka 1980 jarida la *Nature* lilichapisha utafiti uliouliza kwa nini Wabedui huvaa kanzu nyeusi jangwani. Ilionekana kwamba kitambaa cheusi kweli kinameza joto zaidi, lakini kwa kuwa kanzu ni pana, hewa inayopita ndani inaliondoa lile joto la ziada kabla halijafika mwilini. Mvaaji wa nyeusi na wa nyeupe walipata joto sawa. Kwa hiyo dera jeusi lililo pana, sawa. Tisheti nyeusi ya kubana saa sita mchana, hapana.

Kitenge ndicho kinachowashinda wengi kukipangia nguo, kumbe kazi imeshafanywa na aliyekichora. Tafuta ndani yake rangi inayoonekana kwa uchache, ile ya vidoti au ya mstari mwembamba, kisha blauzi au shati liwe la rangi hiyo moja bila maua. Ila usilinganishe rangi usiku. Nguo mbili zinaweza kufanana kabisa chini ya taa ya duka na kutofautiana juani, kwa sababu dunga zake, yaani rangi zilizotumika kiwandani, zinarudisha mawimbi tofauti ya mwanga. Wanafizikia wanaiita hali hiyo metamerizimu. Toka nje na nguo zote mbili uzitazame mchana.

Kuhusu mistari: umeambiwa ya kulala inanenepesha. Mwanasayansi Hermann von Helmholtz alishaonyesha katika karne ya 19 kwamba mraba uliochorwa mistari ya kulala unaonekana mrefu na mwembamba kuliko mraba huohuo wenye mistari ya kusimama, na mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha York walilipima jambo hilo kwa picha za watu waliovaa nguo, wakaona mistari ya kulala hainenepeshi. Kinachoharibu umbo ni shati lisilokukaa. Angalia mabega kwanza. Fundi cherehani atakupunguzia mbavu na mikono kwa bei ndogo, lakini mshono wa bega ukishuka hadi kwenye mkono, liache.

Imebaki nguo moja ambayo haiingii kwenye mpangilio wowote: ile ya machimboni. Wachimbaji wadogo wengi bado wanakamatia dhahabu kwa zebaki, kisha wanaichoma. Zebaki ni metali inayogeuka mvuke hata katika joto la kawaida la chumba. Ikinasa kwenye kitambaa, inaweza kurudi nawe nyumbani na kuendelea kutoka taratibu chumbani unamolala na mtoto, na inayeharibu zaidi ni yule ambaye ubongo wake bado unakua, hata akiwa tumboni. Kufua hakuhakikishi kwamba imeisha yote. Jinzi uliyochomea dhahabu, hata iwe kali kiasi gani, usiipandishe cheo ikawa ya mtoko, na usimrithishe mdogo wako. Badilisha nguo hukohuko kabla ya kupanda bodaboda, ifunge kwenye mfuko wake, uifue kwenye beseni lake nje, peke yake, mbali na nguo za watoto.