Chai ya Tangawizi na Mafua

Mvua zinapoanza huku kwetu Kaole na Bagamoyo, mafua na kikohozi hubisha hodi karibu kila nyumba. Wengi wetu hukimbilia tangawizi, mchaichai na ndimu. Je, vinaponya?

Mafua huletwa na virusi, na kwa kawaida huisha yenyewe baada ya siku 7 hadi 10. Chai hii haiui virusi; hutuliza koo na kuupa mwili maji. Ponda tangawizi, ichemshe na mchaichai kwa dakika 10, kisha kamulia ndimu. Asali hupunguza kikohozi, lakini mtoto wa chini ya mwaka 1 asipewe kamwe, kwani yaweza kuwa na vijidudu vinavyomletea sumu. Wala tusimfukize mtoto kwa nyungu. Maji ya moto huunguza.

Kinga ya mwili hujengwa na chakula bora, maziwa ya mama na chanjo.

Mtoto akikohoa, tuhesabu pumzi zake kwa dakika nzima akiwa ametulia. Zikifika 50 kwa mwenye miezi 2 hadi 11, au 40 kwa mwenye mwaka 1 hadi 5, huenda ni kichomi, yaani nimonia. Vivyo hivyo kifua kikibonyea ndani anapovuta pumzi. Hapo tusingojee chai: tumpeleke hospitali siku hiyo hiyo.