Gari lililobadilishwa likitetemeka na kuzimika, usikimbilie kununua vipuri

MADEREVA wanaotoka Gataka, Ongata Rongai na Kitengela kuelekea Nairobi wanaufahamu vyema msongamano wa magari wa asubuhi. Katika foleni hiyo ya kusimama na kusonga, gari ambalo injini yake hutetemeka na kuzimika kila dereva anapoachilia kanyagio la mafuta ni kero kwa mwenyewe na hatari kwa wengine.

Hatari hiyo si ya kupuuzwa. Breki za magari mengi ya petroli husaidiwa na nguvu ya kufyonza hewa itokayo kwenye injini. Injini ikizimika gari likiwa mwendoni, akiba iliyobaki hutosha kukanyaga breki mara moja au mbili tu, kisha kanyagio huwa gumu. Usukani nao huwa mzito.

Tatizo hili huyakumba sana magari yaliyofanyiwa marekebisho: yaliyowekewa turbo, kichujio cha hewa kilicho wazi, ekzosi pana au programu mpya katika kompyuta ya injini.

Gari likiwa limesimama, injini nyingi huzunguka kati ya mara 600 na 900 kwa dakika. Katika mwendo huo mdogo, kiasi cha hewa kinachoingia ni kidogo mno, hivyo hitilafu ndogo ambayo haionekani barabarani huvuruga mchanganyiko wa hewa na petroli.

Hatua ya kwanza ni kuuliza maswali. Ni kifaa kipi kilibadilishwa kabla ya tatizo kuanza? Je, injini huzimika ikiwa baridi, ikiwa moto, au mguu unapoondolewa ghafla kwenye kanyagio?

Hatua ya pili ni kuisoma kompyuta ya gari kwa mashine maalumu. Baadhi ya mafundi huanza kwa kuchomoa waya wa betri ili taa ya onyo izimike. Kufanya hivyo hufuta kumbukumbu ya hitilafu, na fundi hubaki akibahatisha.

Baadaye, hewa ichunguzwe. Mpira uliopasuka au kulegea baada ya sensa ya kupima hewa huingiza hewa ambayo kompyuta haina habari nayo. Petroli inayonyunyizwa huwa haitoshi, na injini hutetemeka. Sikiliza mlio wa kufyonza, kisha nyunyiza maji kidogo kwenye maungio ya mipira, mbali na nyaya za umeme. Mvumo ukibadilika, umepata mahali panapovuja. Kamwe usitumie petroli kwa kazi hii, kwani injini yenye joto inaweza kuwaka moto.

Magari yenye turbo, kama Subaru Impreza WRX, yana kisa chake. Vijana wengi huyawekea vali inayotoa hewa nje kwa mlio wa kupendeza. Lakini hewa hiyo imekwisha kupimwa na sensa, na kompyuta imetoa petroli kulingana nayo. Hewa ikimwagwa nje, petroli huzidi, na injini hukohoa au kuzimika dereva anapoachilia mafuta. Vali inayorudisha hewa ndani ya bomba, baada ya sensa, huondoa kasoro hiyo.

Kichujio cha wazi kinachopakwa mafuta pia huweza kuichafua sensa ya hewa. Isafishwe kwa dawa yake maalumu, wala isisuguliwe kwa brashi. Mlango wa hewa wa injini nao hujaa masizi na kuhitaji kusafishwa.

Hewa ikiwa sawa, geukia plagi. Plagi nyeusi yenye masizi makavu huashiria petroli nyingi, na iliyopauka sana huashiria petroli haba. Injini ikiwa imezimwa, chomoa kiunganishi cha koili moja, washa gari, kisha usikilize. Rudia kwa kila koili. Silinda ambayo kuchomolewa kwa koili yake hakubadilishi mvumo ndiyo isiyofanya kazi.

Mwisho, pima shinikizo la pampu ya mafuta na ubora wa petroli yenyewe. Kuchanganya mafuta taa na mafuta ya magari kumewahi kuwa tatizo kubwa nchini, hata serikali ikaweka mwaka wa 2018 ushuru wa Sh18 kwa kila lita ya mafuta taa ili kukomesha ulaghai huo.

Mwinuko wa eneo pia una athari. Sehemu hizi za Kajiado ziko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa. Gari la kabureta lililorekebishwa Pwani hutumia petroli kupita kiasi likifika huku. Kompyuta ya kiwandani hujirekebisha, lakini programu iliyoandikwa ovyo huenda isifanye hivyo.

Ikiwa haya yote hayakufaulu, rudisha kifaa cha asili kimoja kimoja, ukijaribu gari kila mara. Kwa sababu hiyo, mwenye gari asiuze vipuri vya kiwandani siku anapoweka vipya. Na hadi chanzo kijulikane, gari linalozimika mwendoni lisipelekwe barabarani, hasa likiwa limebeba abiria.