Soketi ya Mita: Kizingiti cha Umeme wa Jua Nyumbani

Mijadala kuhusu umeme wa jua hutawaliwa na paneli, betri na inveta. Nchini Marekani, hata hivyo, paneli zinaweza kukaa juu ya paa bila idhini ya kuwashwa kwa sababu ya kisanduku kimoja cha chuma kilichopachikwa kwenye ukuta wa nje wa nyumba. Kisanduku hicho ni soketi ya mita. Makala haya yanafafanua kifaa hiki ni nini, kwa nini kampuni ya umeme hudai kukiidhinisha, na yale ambayo mwenye nyumba hana budi kuyapima kabla ya kukinunua.

Kwa Mkenya, neno soketi huashiria tundu la ukutani la kuchomekea plagi ya pasi au redio. Maana hiyo haiko mbali na hii inayojadiliwa hapa. Mita ya nyumbani ya Marekani huwa ya mviringo, na mgongoni ina vyuma bapa vilivyochomoza mithili ya meno ya plagi. Ndani ya soketi mna taya za chuma zinazoyabana meno hayo. Nyaya za kampuni hufungwa kwenye taya za juu, na zile zinazoelekea nyumbani kwenye taya za chini. Mita ndiyo daraja baina ya pande hizo mbili. Ikichomolewa, umeme wa kampuni hukatika. Mita za Kenya haziko hivyo: hizo hukazwa kwa skrubu na nyaya zake huingia kwa chini. Kwa sababu hiyo dhana ya soketi ya mita ni ngeni kwetu, ingawa neno lenyewe tunalo.

Chanzo cha utata ni umiliki. Mita ni mali ya kampuni ya umeme, ilhali soketi, kwa kawaida, hununuliwa na mwenye nyumba na kufungwa na fundi wake. Mamlaka mbili hukutana katika kisanduku kimoja. Mkaguzi wa mji huangalia kanuni za usalama na alama ya maabara ya majaribio, kama vile UL. Kampuni nayo ina masharti yake, na mara nyingi orodha yake ya miundo inayokubalika. Kosa linalowagharimu wengi ni kudhani kwamba alama ya UL inatosha. Soketi inaweza kuwa salama kabisa na bado ikakataliwa.

Mfano mzuri ni wenzo unaopatikana katika baadhi ya soketi, ambao huupitisha umeme kando ya mita. Wenzo huo humwezesha fundi wa kampuni kubadilisha mita bila kuizima nyumba. Lakini humwezesha mwizi pia kutumia umeme usiopimwa! Si ajabu basi kwamba kampuni moja huudai na nyingine huukataza katika makazi. Tofauti kama hizo zipo pia kuhusu pete inayoishikilia mita, na kuhusu iwapo nyaya zinatoka juu nguzoni au chini ardhini. Kampuni nyingi za magharibi mwa Marekani hufuata viwango vya pamoja vya kamati iitwayo EUSERC, na kampuni ya PG&E ya California ina mwongozo wake maarufu kwa jina la Greenbook. Soketi iliyokubaliwa mji mmoja haina hakika ya kukubaliwa mji wa pili.

Suala zito zaidi ni ukubwa. Soketi za nyumbani huwa za ampea 100, 125, 200 au 320. Katika nyumba nyingi, hasa California, soketi na ubao wa breka huwa ndani ya kisanduku kimoja, hivi kwamba kuibadilisha soketi ni kuubadilisha ubao mzima. Ndani ya ubao huo mna pau za chuma zinazogawa umeme. Paneli zikiunganishwa, pau hizo hulishwa kutoka pande mbili, nazo zinaweza kupata joto la hatari bila breka yoyote kukatika. Ndiyo maana kanuni za umeme za Marekani zina mbinu ya asilimia 120: jumla ya breka kuu na asilimia 125 ya mkondo wa inveta isizidi asilimia 120 ya uwezo wa pau, mradi breka ya jua iwe mwisho wa pili wa pau.

Tuchukue nyumba kuukuu yenye pau za ampea 100 na breka kuu ya ampea 100. Asilimia 120 ni ampea 120. Zinazosalia ni 20. Inveta haitazidi ampea 16, yaani wati 3,840 kwa volti 240. Nyumba yenye pau na breka kuu za ampea 200 husaliwa na ampea 40, na inveta yake hufikia ampea 32, sawa na wati 7,680. Pau zikiwa za ampea 225 huku breka kuu ikibaki 200, nafasi hupanda hadi ampea 70. Ampea 25 tu za pau zimeongeza nafasi ya jua kwa ampea 30. Anayenunua kisanduku kipya hana sababu ya kuipuuza tofauti hiyo.

Zipo njia za kuepuka kubadilisha kisanduku. Breka kuu inaweza kupunguzwa, iwapo mahitaji ya nyumba yanaruhusu. Kiunganishi maalumu kinaweza pia kuchomekwa baina ya soketi na mita, ingawa si kila kampuni hukikubali. Kwingineko, kama vile Arizona, zipo kampuni zinazodai mita ya pili ya kupima umeme wa paneli peke yake, na hivyo soketi ya pili.

Utaratibu ufaao huanza na barua wala si duka. Mwenye nyumba au mkandarasi huipelekea kampuni mchoro wenye nambari kamili ya muundo wa soketi, husubiri kibali cha maandishi, ndipo hununua. Siku ya kazi, mita huchomolewa na kampuni yenyewe au kwa ruhusa yake, kwa kuwa taya za juu hubaki na umeme usio na breka yoyote nyumbani ya kuuzima.