Ndege ya kwenye karatasi haianguki

Ndugu msomaji, wako watu wazima wenye akili zao timamu ambao hupitisha saa nyingi wakichora ndege za kivita ambazo hazijapata kuruka. Huchukua ndege inayojulikana, wakaibadili mabawa, wakaipa injini nyingine au wakaing'oa mkia, kisha wakajiuliza: je, ingekuwaje? Tusiwacheke. Mchezo huo huo ndio wanaoucheza wahandisi wanaolipwa mishahara, na matokeo yake ni fedha za walipa kodi na roho za marubani.

Hebu tuitazame F-16 ya Marekani. Ndege hii ilianza kuruka mwaka 1974, na mpaka leo zimekwisha kutengenezwa zaidi ya 4,000. Ilikusudiwa iwe ndogo, nyepesi, yenye injini moja na wepesi wa kugeuka angani. Lakini kitu kikishasifiwa, kila mtu hutaka kukiongezea lake.

Wa kwanza kuongeza walikuwa watengenezaji wenyewe, kampuni ya General Dynamics. Mwaka 1982 walirusha F-16XL. Waliondoa mabawa ya kawaida na mabawa madogo ya mkiani, wakaweka bawa kubwa la pembetatu, lenye eneo zaidi ya mara mbili ya lile la awali. Mwili wa ndege nao ukarefushwa kwa karibu mita moja na nusu.

Faida zake zilionekana. Bawa pana lina nafasi ya mafuta mengi, hivyo ndege hufika mbali zaidi. Tena chini yake kuna mahali pa kutosha pa kutundika mabomu. Kasoro yake ni kwamba bawa la namna hiyo, ndege inapokata kona kali, hukinza hewa nyingi na kuipunguzia kasi. Ni sawa na mwenye lori anayerefusha chesisi ili apakie magunia zaidi: itambidi aongeze springi na kuimarisha breki, halafu injini itaanza kulemewa mlimani. Katika ndege hakuna badiliko linalokaa peke yake.

Mwaka 1984 Jeshi la Anga la Marekani lilipochagua ndege mpya ya mashambulizi, liliichukua F-15E. Hiyo ilikuwa na injini mbili, na haikutofautiana sana na F-15 zilizokuwa tayari zikiruka, kwa hiyo gharama ya kuikamilisha ilikuwa ndogo zaidi. Za F-16XL zilibaki mbili tu, na baadaye shirika la NASA likazitumia kuchunguza jinsi hewa inavyopita juu ya bawa kwa mwendo unaozidi ule wa sauti.

Badiliko jingine lilitokana na siasa. Rais Jimmy Carter alipobana uuzaji wa silaha bora kabisa nje ya nchi, watengenezaji waliichukua F-16 wakaitia injini ya zamani aina ya J79, ile iliyokuwa ikitumika katika ndege za Phantom. Injini hiyo ilikuwa na joto kali zaidi, ikahitaji kukingwa kwa chuma, na chuma ni uzito. Ndege hiyo, F-16/79, iliruka mwaka 1980. Alipoingia Rais Reagan masharti yakalegezwa, na wanunuzi wakataka F-16 yenyewe. Ile yenye injini ya zamani haikupata hata mnunuzi mmoja.

Kisa kichungu zaidi kinahusu F-5, ndege ambayo wakazi wa Nairobi na Nanyuki wanaijua, maana Kenya imekuwa nazo tangu mwishoni mwa miaka ya 1970. Kampuni ya Northrop iliondoa injini zake mbili ndogo, ikaweka moja yenye nguvu zaidi kuliko zote mbili kwa pamoja, ikaongeza rada mpya, na kuipa jina la F-20 Tigershark. Iliruka mwaka 1982 na waliojua mambo waliisifu. Kampuni ilitumia zaidi ya dola bilioni moja, fedha zake yenyewe. Zikaruka ndege tatu. Mbili zilianguka, moja Korea Kusini mwaka 1984 na nyingine Kanada mwaka 1985, na marubani wote wawili wakafa. Mwaka 1986 mradi ukafungwa bila kuuza ndege hata moja. Nchi nyingi hazikuwa tayari kununua ndege ambayo Marekani yenyewe haikuichukua, kwani vipuri vyake vingetoka wapi baada ya miaka 20?

Wajapani nao waliichukua F-16, wakaipanua bawa kwa asilimia 25 hivi, wakaiita F-2. Hiyo iliruka mwaka 1995 na ikaingia jeshini. Lakini bei ya ndege moja iliipita F-16 kwa mbali, na wakaishia kutengeneza chache kuliko walivyokusudia.

Basi, msomaji wangu, mchoraji ana kifutio mkononi, rubani hana. Kwenye karatasi bawa halina uzito na injini hainywi mafuta. Nchi yoyote inapoonyeshwa picha ya ndege iliyoboreshwa, wananchi wake wana haki ya kuuliza maswali manne: kilichoongezwa kimepunguza nini? Nani mwingine anaitumia? Vipuri vitatoka wapi, na kwa miaka mingapi? Na je, imekwisha kuruka, au bado ni picha?

Hayo si maswali ya wanajeshi peke yao. Anayelipa ndiye wa kwanza kuuliza. Tukutane wiki ijayo.