Mama Anapouliza, "Ya Nini?"

Zamani mtu akivaa koti jeupe, neno lake lilikuwa la mwisho. Mama zetu waliambiwa "meza" wakameza, wakaambiwa "lala hapa" wakalala. Siku hizi mama anafika kliniki na mtoto mgongoni, anauliza: sindano hiyo ni ya nini? Imetoka wapi? Wapo wauguzi wenzangu wanaouona huo ni utovu wa adabu. Mimi sikubaliani nao, na sababu yangu ni yaliyotokea Kano, kaskazini mwa Nigeria.

Mwaka 1996 homa ya uti wa mgongo iliua wengi huko. Kampuni ya Pfizer ilijaribu dawa yake mpya, Trovan, kwa watoto. Wapatao 200 waliingizwa katika majaribio hayo, nusu wakipewa Trovan na nusu dawa iliyokwisha kuzoeleka. Watoto 11 walifariki. Wazazi walisema hawakuelezwa kuwa ni majaribio. Kampuni ilikana, ikisema ugonjwa ndio uliowaua. Hata hivyo mwaka 2009 ilikubali kulipa dola milioni 75 ili kumaliza kesi na jimbo la Kano.

Basi mwaka 2003, wahudumu walipopita nyumba kwa nyumba na matone ya polio, akina mama wengi walifunga milango. Ulivuma uvumi kwamba matone yanawafanya wasichana kuwa tasa. Ulikuwa uongo mtupu, lakini uliingia katika mioyo iliyokwisha kujeruhiwa. Jimbo likasimamisha chanjo kwa karibu mwaka mzima. Polio ikavuka mipaka, na mwaka 2005 ilifika hadi Yemen na Indonesia. Nanyi mnajua, mtoto akishapooza kwa polio hakuna dawa ya kumponya.

Amri za wakubwa hazikufua dafu. Ilibidi kuketi na viongozi wa dini, chanjo ipimwe upya, kisha itumike iliyotengenezwa Indonesia, nchi ya Waislamu wenzao. Chanjo ikarudi mwaka 2004. Afrika ilitangazwa kuwa huru na polio ya asili Agosti 2020 tu.

Kwa hiyo, mama, ukija kliniki uliza: chanjo hii inazuia nini, mtoto akipata homa usiku nifanye nini, nirudi lini? Muuguzi akikunja uso, uliza tena kwa upole. Ila habari ya jirani au ya kwenye simu ije nayo kwetu kwanza, tuizungumze, kabla hujaamua kumnyima mtoto chanjo. Na kadi yake usiisahau nyumbani.