Kodi gari Cyprus, ukutane na ndege wa nyumbani

HEBU jaribu jambo hili, msomaji. Asubuhi moja ya mwezi wa Desemba, kabla watoto hawajawasha televisheni, nenda nao hadi Msitu wa Karura au bustani yoyote ya Nairobi yenye miti ya matunda. Tulieni. Huenda mkamwona ndege mdogo wa rangi ya kijivu akidonoadonoa matunda. Dume ana kofia nyeusi utosini, jike ana kofia ya hudhurungi. Uzito wake haufiki gramu 25, yaani nusu ya yai la kuku. Kwa kuwa hana jina linalojulikana na wengi kwetu, tumwite Kofia Nyeusi.

Ndege huyu si mwenyeji. Alizaliwa Ulaya au magharibi mwa Asia, akaja kwetu kukimbia baridi. Wengi wa aina yake wanapokuja na wanaporudi hutua kupumzika katika kisiwa cha Cyprus, mashariki mwa Bahari ya Mediterania, umbali wa kilomita 4,000 hivi kutoka Nairobi.

Huko ndiko tunakokwenda leo, wewe na mimi, kwa gari la kukodi. Nakuonya mapema kwamba safari yenyewe ina furaha na pia ina majonzi, na yote mawili yanatuhusu.

Barabara kama zetu

Cyprus ni kisiwa cha tatu kwa ukubwa katika Mediterania, baada ya Sicily na Sardinia. Eneo lake ni kilomita 9,251 mraba, karibu sawa na Laikipia. Hata hivyo, aina takriban 400 za ndege zimewahi kuonekana huko. Sababu ni mahali kilipo. Ndege anayetoka Uturuki kuelekea Misri hukiona kisiwa hicho kama vile dereva wa lori la Mombasa anavyoiona Mtito Andei: pahali pa kupumua, kula na kunywa kabla ya kuendelea.

Wakenya si wageni kabisa huko. Kuna familia zetu zenye watoto wanaosoma katika vyuo vya kisiwa hicho. Nako Riruta, Nairobi, kuna seminari ya Kiothodoksi yenye jina la Askofu Mkuu Makarios III, ambaye ndiye aliyekuwa Rais wa kwanza wa Cyprus. Kwa hivyo mzazi anayekwenda kumtembelea mwanawe anaweza kuongeza siku nne za kutazama ndege. Mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota.

Dereva wa Kenya hatapata taabu. Waingereza waliitawala Cyprus kuanzia 1878 hadi 1960, wakawaachia wenyeji desturi ya kuendesha upande wa kushoto kama sisi. Barabara kuu ni pana na hazitozi ada. Gari la kukodi lina nambari nyekundu, hivyo kila mtu atajua wewe ni mgeni na huenda akakuvumilia unapokosea njia. Saa nazo hazisumbui: wakati wa kiangazi saa za Cyprus ni sawa na zetu, na wakati wa baridi wako nyuma kwa saa moja tu.

Kabla hujatia sahihi karatasi za gari, uliza mambo matatu. Kwanza, je, leseni yako ya Kenya inakubaliwa peke yake, au wanataka na kibali cha kimataifa? Pili, je, bima inalipia magurudumu na sehemu ya chini ya gari ukipita njia za vumbi? Mara nyingi hailipii, na ndege wengi wako kwenye njia hizo. Tatu, je, unaruhusiwa kuvuka kwenda kaskazini? Kisiwa kimegawanyika tangu 1974, na bima ya upande wa kusini haifanyi kazi upande wa pili.

Gari ni kibanda

Huenda ukauliza, kwa nini gari? Kwa nini usitembee kwa miguu au upande basi? Mabasi hayaendi kando ya maziwa ya chumvi alfajiri. Isitoshe, aliyewahi kuingia Mbuga ya Taifa ya Nairobi anajua siri yenyewe. Swara humkimbia mtu anayetembea lakini hulitazama gari bila wasiwasi. Ndege nao ni hivyo hivyo. Lisogeze gari polepole, liegeshe nje ya barabara pasipo hatari, zima injini, teremsha kioo na uegemeze darubini mlangoni. Baada ya dakika kumi ndege watasahau kwamba upo. Watoto walio kiti cha nyuma wapewe kazi: mmoja ahesabu, mwingine aandike.

Majira bora ni Aprili, ndege wanaporudi kaskazini, au Septemba na Oktoba, wanapokuja kwetu. Anayependa heroe aende kati ya Novemba na Machi.

Anzia Larnaca, karibu na uwanja wa ndege. Ziwa lake la chumvi utaliona hata kabla hujashuka. Miezi ya baridi hujaa heroe, na kando yake, katikati ya mitende, upo msikiti wa Hala Sultan Tekke wenye kaburi la Umm Haram, mmoja wa jamaa za Mtume Muhammad. Ni mandhari ambayo mtu wa Lamu hangeyaona mageni.

Siku ya pili endesha kilomita 70 hivi hadi Limassol, uteremke kwenye rasi ya Akrotiri. Hapa pana ziwa jingine la chumvi, matete, mashamba ya machungwa na ufuo mrefu uitwao Lady's Mile. Yangeyange, kwarara na ndege wengi wa miguu mirefu hutafuta chakula matopeni. Usiwaelekezee wanajeshi darubini wala kamera, kwani sehemu hiyo ni kambi ya Uingereza.

Magharibi kidogo, kwenye majabali yanayotazama bahari karibu na magofu ya Kourion, yuko kozi wa Eleonora. Jina lake linatokana na Eleonora wa Arborea, mtawala wa Sardinia wa karne ya 14 anayekumbukwa kwa sheria ya kuwalinda kozi. Ndege huyu hutaga mayai kiangazi kikiwa kinaisha, makusudi ili makinda yake yaanguliwe wakati ndege wadogo wanapopita kuelekea Afrika. Akishawalea, yeye naye huruka hadi Madagaska, na baadhi yao hupita katika anga yetu. Majabali hayo pia ni makao ya tai, ambao karibu wamalizwe na sumu. Tangu 2022, tai kutoka Hispania wamekuwa wakiachiliwa kisiwani ili kuongeza idadi yao.

Siku ya tatu nenda Paphos. Kwenye magofu ya kale yaliyo ufuoni, mapambo ya sakafu ya Kirumi yatamfurahisha mpenda historia, na vichakani watakuwemo ndege waliotua usiku huo huo. Tazama waya za simu: huenda ukawaona keremkerem wakirukia nyuki, au kambu wa rangi ya samawati, ndiye yule yule anayekaa juu ya miti mikavu ya Tsavo. Ndege mdogo mweusi na mweupe anayeimba juu ya waya huzaa Cyprus peke yake duniani, na wakati wa baridi huhamia Sudan na Ethiopia.

Siku ya mwisho panda milima ya Troodos, yenye kilele cha mita 1,952, ukapunge hewa chini ya misonobari.

Ulimbo mtini

Sasa tufike kwenye majonzi. Ukiwa mashariki ya kisiwa wakati wa Oktoba, huenda ukasikia ndege wakiimba usiku wa manane. Usifurahi haraka. Huenda ni kipaza sauti kilichofichwa kichakani. Ndege wanaopita angani huisikia sauti ya wenzao, wakashuka, na asubuhi wakajikuta kwenye nyavu nyembamba wasizoweza kuziona.

Mbinu ya zamani zaidi ni ulimbo, neno ambalo babu zetu walilijua vizuri. Wategaji huchemsha tunda lenye utomvu, hupaka vijiti gundi hiyo na kuvitega mitini. Ndege akitua, miguu hunata. Akipigapiga mabawa, nayo hunata.

Anayetafutwa zaidi ni yule yule Kofia Nyeusi tuliyemwacha Karura. Huuzwa kwa siri na huliwa mzima mzima, kwa jina la ambelopoulia. Wenyeji wanaotetea desturi hii husema kwamba zamani ilikuwa nyama ya mkulima maskini, na katika hilo hawadanganyi. Lakini leo mlaji si maskini, maana sahani moja ni ghali sana. Utegaji ulipigwa marufuku mwaka wa 1974, na Cyprus ilipoingia katika Umoja wa Ulaya mwaka wa 2004 ilifungwa pia na sheria za umoja huo. Aidha, ulimbo hauchagui: aina zaidi ya 150 za ndege zimepatikana zikiwa zimenaswa, wakiwemo bundi na keremkerem.

Shirika la BirdLife Cyprus lilikadiria kwamba mwaka wa 2016 ndege waliouawa kwa njia hiyo walizidi milioni mbili. Tangu wakati huo nyavu zimepungua, hasa ndani ya kambi za Uingereza, baada ya polisi kukaza msako. Lakini vita havijaisha. Mwaka wa 2020 Bunge la huko lilipunguza faini kwa baadhi ya makosa haya, jambo lililowasikitisha sana watetezi wa ndege.

Tusiwanyooshee kidole tukasahau vinne vinavyotuelekea sisi. Msomaji wa Siaya anajua jinsi tombo, yaani aluru, wanavyotundikwa vikapuni juu ya mti mrefu ili walie na kuwaita wenzao mtegoni. Na ni mtoto gani wa kijijini ambaye hajawahi kushika manati?

Wewe ufanye nini?

Uwezo wako kama mgeni ni mfuko wako. Ukiletewa orodha ya vyakula, uliza kama wanauza ambelopoulia. Wakisema wanauza, simama uende kwingine, na uwaambie kwa adabu ni kwa nini. Ukikuta wavu au vijiti vyenye gundi, usivishike wala usigombane na mtu. Andika mahali, urudi garini, uwaarifu polisi au BirdLife Cyprus. Wategaji wengine ni wakali.

Na kama nauli ya Cyprus haipo, usikate tamaa. Chama cha Nature Kenya, kilichoanzishwa mwaka wa 1909 na chenye ofisi katika Makavazi ya Taifa mjini Nairobi, kimekuwa kikiandaa kwa miaka mingi matembezi ya kutazama ndege siku za Jumatano asubuhi. Darubini moja ya familia nzima yatosha.

Halafu siku moja utembelee Ngulia, Tsavo Magharibi. Kila mwaka, Novemba na Desemba, ukungu unapotanda usiku usio na mbalamwezi, ndege wanaotoka kaskazini huvutwa na taa za hoteli iliyo kilimani. Huko nako kuna nyavu, tangu 1969. Lakini anayenaswa Ngulia hupimwa, huvishwa pete ndogo mguuni yenye nambari, kisha huachiliwa. Laki kadhaa wamevishwa pete hizo, na baadhi yao wameonekana tena maelfu ya kilomita kutoka hapa.

Fikiria basi, msomaji: ndege huyo mmoja anaweza kukutana na wavu kisiwani Cyprus mwezi wa Oktoba, na wavu mwingine Tsavo mwezi wa Novemba. Wa kwanza humpeleka sahanini, wa pili humwandika kitabuni na kumwacha aende zake. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Desemba hii, ukisikia mlio mwembamba mtini, mwite mwanao atazame juu. Mgeni amefika salama.